Mguu wa Yunis (Sehemu ya Tisa): Marehemu Alihudhuria

"Mheshimiwa, mama huyu hakuwemo kwenye lori!"

Tulikatiza hapo Jumapili iliyopita, na kuna wasomaji walioandika barua ambazo mhariri amekataa kunionyesha. Haya, tuingie kortini Kilosa upesi, kabla karani hajaenda kunywa chai.

Aliyesema maneno hayo ni Bwana Kornelio, afisa madai wa Ushirika wa Malori Tusonge. Suti yake ya Kaunda ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Mkononi alishika daftari lenye jalada la kijani, akilipunga kama mtu anayefukuza inzi.

Aliyesemwa ni Yunis binti Yeremia. Miezi minane iliyopita lori la ushirika huo lilipinduka kwenye kona karibu na Mikumi, likamponda mguu wa kulia. Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya. Sasa mmoja unaangalia mbele na mwenzake unaangalia pembeni, kama mume na mke waliogombana asubuhi.

Ushirika ulimpa blanketi moja na barua ya pole yenye mhuri. Yunis alirudisha blanketi. Alitaka fidia ya haki, anunue cherehani ya mkono, kwa sababu jembe limemshinda, na katika kijiji chake asiyelima shamba la pamoja hana mgawo wa chakula. Aibu ilikuwa ikimla kusimama mbele za watu, lakini njaa ilimla zaidi.

"Kama hakuwemo kwenye lori," hakimu aliuliza, "mguu wake ulivunjwa na nini?"

"Hilo si la ushirika, Mheshimiwa. Pengine alipigwa teke na punda."

Watu walicheka. Yunis alitazama sakafu.

Bwana Kornelio alifungua daftari. "Hili ni daftari la mahudhurio la Kijiji cha Ujamaa Amkeni, anakoishi mdai. Tarehe kumi na nne Februari, siku ya ajali. Nasoma. Yunis Yeremia. Yupo. Mahindi, mistari miwili. Saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Ajali ilitokea saa nne. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, labda kama ni moshi."

"Hilde," Yunis alinong'ona, "sikuwepo shambani mimi."

"Unaniambia mimi ili iweje?" alijibu Hildegarda, jirani yake na mtani wake, aliyemsindikiza na kikapu cha viazi. "Mwambie yule hakimu mwenye miwani. Mimi sina fidia kwenye kikapu."

Lakini hakimu alikwisha kumwita shahidi.

Akaingia Mwinshehe, mwenyekiti wa Amkeni, na fimbo yake nyeusi. Siku ile ya Februari mgeni mkubwa kutoka wilayani alikuja kukagua kijiji, akaonyeshwa daftari, akakuta watu wote wamehudhuria, mia kwa mia. Amkeni ikapewa bendera ya kijiji bora. Tangu hapo Mwenyekiti huitembeza hiyo bendera hata kwenye harusi.

Alipopita mbele ya Yunis, Yunis aliinamisha kichwa. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, binti yangu. Mguu unaendeleaje?"

Kisha akapanda kizimbani kwenda kuunyima ule mguu haki yake.

"Uliandika mwenyewe daftari hili?" hakimu aliuliza.

"Kwa mkono wangu, Mheshimiwa. Asubuhi, watu wakiwa kwenye mstari. Daftari la Amkeni halijawahi kusema uongo tangu nilinunue."

Yunis alihisi masikio yanawaka. Mnajua, wasomaji, na yeye alijua, kwamba asubuhi ile Mwenyekiti huyu huyu ndiye aliyemtuma Kidodi kuleta sukari ya chai ya mgeni. Na alijua jambo jingine. Tangu ajali, kila siku aliyolala na mguu umefungwa kwa vipande vya mianzi, daftari lilimwandika mtoro. Siku moja tu aliyoondoka kwa kazi ya kijiji, ndiyo aliyoandikwa yupo.

"Mdai," hakimu alisema, "una swali kwa shahidi?"

Hildegarda alimfinya Yunis paja, upande wa mguu mzima.

"Swali sina, Mheshimiwa," Yunis alisema, sauti ikitoka kama ya mtu aliye chini ya blanketi. "Naomba... naomba majina yasomwe."

"Majina gani?"

"Yote. Ya siku ile."

"Mheshimiwa!" Bwana Kornelio aliruka. "Ni majina mia moja na kumi na mbili! Tutalala hapa!"

"Si wewe uliyelileta?" hakimu alisema. "Karani, soma."

Karani akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayegawa dawa ya minyoo. Yupo, mistari miwili. Yupo, mistari miwili. Kijiji kizima kililima mistari miwili, si zaidi wala pungufu, kama waliopimiana kwa kamba.

"Sesilia Theodory. Yupo. Mistari miwili."

"Nani?" Sauti ilitoka benchi la nyuma. Mwanamke aliyempakata mtoto alisimama. "Mistari miwili ya nini? Siku ile nilikuwa Mikumi zahanati, najifungua huyu hapa! Muulizeni!"

Mtoto alipiga yowe, mfano wa shahidi aliyeapishwa.

"Mwenyekiti?" hakimu aliuliza.

"Akina mama wa Amkeni wana bidii, Mheshimiwa," Mwenyekiti alijibu bila kupepesa. "Hupalilia kwanza, kisha ndiyo wanakwenda kujifungua."

Hata askari wa mlangoni aligeukia ukutani kuficha meno. Karani aliendelea.

"Kondo Salumu. Yupo. Mistari miwili."

Sasa ikawa zamu ya Hildegarda kusimama, na viazi viwili vikadondoka. "Mzee Kondo? Mzee Kondo tulimzika wiki moja kabla! Nilipika mimi, nikalia mimi, na sufuria langu mpaka leo halijarudi! Aliomba ruhusa kwa nani kutoka kaburini?"

Korti ilivuma kwa kicheko. Lakini Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuanguka kwa teke moja.

"Mzee Kondo alikuwa hai siku ile, Mheshimiwa. Alifariki mwishoni mwa mwezi. Mama huyu anachanganya misiba kwa sababu hakosi hata mmoja, akisikia tu harufu ya pilau."

Kicheko kikageuka, kikamwangukia Hildegarda. Akaketi.

"Nani alikufa lini ni jambo la karatasi, si la kelele," hakimu alisema. "Waacheni waliokufa. Karani, endelea na walio hai."

"Simoni Mathayo. Yupo. Mistari miwili."

Hakuna aliyesimama. Bwana Kornelio alikuwa akitazama saa yake.

"Huyo, Mheshimiwa," Yunis alisema.

"Huyo amefanya nini?"

"Huyo ndiye dereva wa lile lori. Kwao ni Amkeni."

Hakimu alivua miwani. Alimtazama Yunis, akalitazama daftari, kisha akamtazama Bwana Kornelio, na huyo akaacha kutazama saa.

"Simoni Mathayo," hakimu alisema polepole. "Mwezi wa Aprili, ndani ya chumba hiki, Simoni Mathayo alikiri kuendesha lori kwa uzembe siku hiyo, saa hiyo, kwenye kona hiyo. Mimi mwenyewe nilimtoza faini. Bwana Kornelio, daftari hili ni la kweli?"

"Ni la kweli kabisa, Mhe..."

Aliona shimo, lakini mguu ulikwisha kuingia.

"Basi dereva wako alikuwa Amkeni akipalilia mahindi. Lori lilijiendesha lenyewe?"

"Mheshimiwa, mimi..."

"Mimi nimemtoza faini mkulima? Yuko wapi nimrudishie?"

"Naomba," Bwana Kornelio alisema, jasho likiharibu kazi yote ya pasi, "naomba kuliondoa daftari."

Alilishika kwa vidole viwili, kama mkia wa panya aliyekufa, akalitumbukiza mkobani.

Yunis alihisi kitu kifuani. Alidhani ni moyo, lakini ulikuwa mlio wa cherehani ya mkono, ikizunguka taratibu. Hildegarda alianza kuokota viazi vyake kwa madaha.

Msishangilie bado. Mtu mmoja alikuwa bado kizimbani.

Mwenyekiti Mwinshehe aliliona daftari likizama mkobani, na nyuma yake akaiona bendera ya kijiji bora nayo ikishuka mlingoti. Mtu mwingine angezimia. Yeye alikohoa.

"Mheshimiwa, nimekumbuka. Ni kweli, Yunis alikuwa kwenye lori."

Watu waliinuka nusu.

"Nilimwandika yupo kwa huruma tu. Nilimwonea haya, ni kama binti yangu. Ukweli ni kwamba alitoroka kazi. Amkeni hakuna anayesafiri bila barua yangu ya ruhusa. Huyu hakuwa nayo. Alijipenyeza kwenye lori la mizigo kwenda kutembea."

Bwana Kornelio alifufuka pale pale. Mikunjo ilirudi kwenye suti.

"Kanuni za ushirika, Mheshimiwa! Abiria wa lori letu lazima awe na barua ya kijiji chake. Asiye na barua si abiria. Ni mzigo uliojipakia wenyewe, na mzigo haulipwi fidia!"

"Barua nilikuwa nayo!" Kwa mara ya kwanza Yunis alisahau kuona haya. "Ulinipa mwenyewe, Mwenyekiti! Uliifunga kwa uji badala ya gundi, ukaniambia nisiifungue! Barua ya sukari!"

"Sukari ipi, binti yangu?"

"Ya chai ya mgeni!"

"Mgeni alikunywa maji," Mwenyekiti alisema kwa upole.

Hakimu alirudisha miwani. "Barua hiyo iko wapi?"

"Kidodi, Mheshimiwa. Duka la ushirika halitoi sukari bila barua, na barua hubaki dukani."

"Leo ni Jumatano. Ijumaa saa tatu asubuhi nataka kuiona mezani hapa. Ikija, nitasikiliza madai yako ya fidia mpaka mwisho. Isipokuja, nitayafuta. Tumeahirisha."

Nje, Yunis alikuwa akiteremka ngazi moja moja na mkongojo wake, Hildegarda akiwa ametangulia kutafuta maji, fimbo nyeusi ilipojitokeza ubavuni.

"Yunis, binti yangu. Mimi si mtu mbaya."

Yunis aliteremka ngazi nyingine.

"Tusisumbuane na makorti kama watu wasio na wazee. Nitakuandika yupo. Miezi minane yote, mistari miwili kila siku. Utoro nitaufuta. Mgawo wako wa mahindi utakosa pa kuuweka."

"Nimelima kwa mguu upi, Mwenyekiti?"

"Daftari haliulizi mguu."

"Na ile barua?"

"Barua tuiache ilale. Nawe rudi nyumbani ulale."

Yunis alinyamaza muda mrefu. Hii ndiyo hatari ya watu wenye haya: wakinyamaza, wenzao hudhani wamekubali. Mwenyekiti alikwisha kuanza kutabasamu.

"Kortini umesema mgeni alikunywa maji," Yunis alisema.

"Nimesema."

"Basi ile sukari, Mwenyekiti, ulimpelekea nani? Nilikuwa nimelala kando ya barabara, ubao wa lori uko juu ya mguu. Ulikuja na baiskeli. Nilikuona. Ulifunga mfuko wa sukari kwenye keria, ukavuta kamba mara mbili kuona kama umekaza. Nilikuita. Ulisema, 'Ngoja kidogo, mgeni amekwisha kufika.'"

Tabasamu lilibaki usoni pa Mwenyekiti, lakini mwenyewe hakuwemo tena.

"Nilingoja mpaka saa tisa," Yunis alisema. Kisha, kwa sababu alilelewa hivyo na hakujua njia nyingine ya kuagana na mkubwa wake, aliinamisha kichwa. "Shikamoo, Mwenyekiti."

Mwenyekiti alifungua kinywa aitikie marahaba. Haikutoka. Aligeuka akaenda zake, akiigonga ardhi kwa fimbo kama aliyekosewa na udongo.

Siku hiyo walilala Magomeni, hapo hapo Kilosa, kwa shangazi yake Hildegarda. Alhamisi, alfajiri, walipanda basi la kusini, kwa maana Yunis hapandi lori tena hata alipiwe. Walipofika ile kona ya Mikumi alifumba macho. Hildegarda alimtania njia nzima ili asikumbuke.

"Ukipata fidia utanishonea nini?"

"Gauni."

"La bure?"

"Mtani hashonewi bure. Utalipa kitambaa, uzi, na usumbufu wa kukupima kiuno, maana itabidi niazime kamba ya ng'ombe."

"Sasa naona umepona," alisema Hildegarda.

Kidodi, malori ya miwa yalikuwa yakipita mbele ya duka la ushirika, yakidondosha vipande. Nyuma ya kaunta alisimama Mama Costancia, msimamizi wa duka, akipima sukari kwa jicho la mtu anayepima dhahabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua mnayo? Bila barua sukari hakuna."

"Hatutaki sukari, mama. Tunataka barua."

Mama Costancia aliweka kijiko chini. Tangu afungue duka lile hakuwahi kusikia ombi kama hilo. Yunis alimweleza yote, kwa sauti ndogo, kuanzia uji mpaka ubao wa lori. Mama Costancia alisikiliza, kisha akatazama ule mguu, akatikisa kichwa.

"Mimi situpi karatasi," alisema. "Wakaguzi wakija hawaulizi sukari. Wanauliza karatasi."

Ukutani kulikuwa na waya mrefu, na kwenye waya barua za mwaka mzima zimechomwa moja juu ya nyingine kama mishikaki. Mama Costancia alianza kuzivua. Septemba. Julai. Mei. Yunis alihesabu miezi kama anayehesabu hatua za daktari anayekuja. Machi. Februari.

"Amkeni, Amkeni... Ndiyo hii."

Pembeni uji ulikuwa umekauka, mweupe. Katikati mhuri wa kijiji, mviringo kama mwezi. Chini sahihi ya Mwenyekiti Mwinshehe yenye mkia mrefu.

Hildegarda alivuta pumzi apige vigelegele.

"Ngoja," Yunis alisema.

Aliiweka barua juu ya kaunta akaanza kusoma kwa kidole. Shule aliiacha darasa la tatu, na mpaka leo herufi humjia moja moja, kama wageni walioalikwa kwa kuchelewa.

"Ki-ji-ji cha A-mke-ni. Tarehe kumi na nne Februari. Kijiji kime... kimempa ruhusa kusafiri... kuja Kidodi kuchukua sukari kilo kumi... ndugu..."

Kidole kilisimama.

"Ndugu Yunis," Hildegarda alimalizia kwa furaha.

"Hapana," Yunis alisema. "Ndugu Kondo Salumu."

Lori la miwa lilipita. Hakuna aliyelisikia.

"Mama," Yunis alimgeukia Mama Costancia, "sukari si ulinipa mimi?"

"Nilikupa wewe. Nakukumbuka, ulikuwa na kanga ya kijani. Jina sikulitazama. Mhuri ulikuwepo."

"Maiti!" Hildegarda alipiga kaunta. "Asubuhi moja amepalilia mistari miwili, na amekuja Kidodi kununua sukari! Mzee Kondo alipokuwa hai hakuwa hata na nusu ya bidii hiyo!"

Yunis alielewa. Kama barua ingebeba jina lake, angeweza kuitoa kuonyesha kwamba siku ile hakuwepo shambani. Lakini marehemu halalamiki, wala hadai posho ya safari.

"Tumekwisha," Hildegarda alisema, akakaa juu ya gunia. "Kesho yule wa mikunjo atasema barua si yako. Utarudi kuwa mzigo."

"Hatujakwisha." Yunis aliikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo mara mbili. "Sikiliza. Mwenyekiti ameapa kwamba Mzee Kondo alikuwa hai siku ile. Kama alikuwa hai, barua ni yake na mimi ni mzigo. Lakini kama alikwisha kuzikwa, Mwenyekiti aliandikia barua maiti, na aliyetumwa kweli ni yule aliyeibeba sukari. Ni mimi. Hakimu amesema hataki kelele, anataka karatasi. Mzee Kondo si alifia hospitali?"

"Alifia hospitali. Walitoa karatasi ya kifo. Niliiona kwa macho yangu, ina tarehe na mhuri."

"Nani anayo?"

"Mjane wake. Bi Tatu."

Yunis alitabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari. Alijiweka sawa kwenye mkongojo. "Basi la saa sita litatufikisha Amkeni jioni. Bi Tatu ananipenda, nilimsukia ukili wa mkeka siku za msiba. Twende."

Hildegarda hakuinuka.

"Twende, Hilde. Kesho si mbali."

"Yunis." Hildegarda aliacha utani, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu baridi. "Wewe ulikuwa ndani umelala na mguu wako, mambo ya kijiji yalikupita. Bi Tatu alimaliza eda."

"Najua. Mwezi wa sita."

"Mwezi uliopita ameolewa. Mke wa pili."

Mama Costancia, aliyekwisha kurudia kijiko chake, aliacha kupima sukari.

"Ameolewa na nani?" Yunis aliuliza.

Hildegarda hakutaja jina. Alilivuta pindo la kanga ya Yunis, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaitandaza barua juu ya kaunta. Kisha akaweka kidole chake chini kabisa, juu ya ile sahihi yenye mkia mrefu.